Mrejesho: Meno yangu ya kahawia

Wakuu, niliuliza kama meno yangu ya kahawia yanang'arishika, mkanishauri magadi na limao. Nimemwona daktari wa meno. Madoa ya chai yalikuwa juu juu, yakatoka na ukoga. Haya mengine ni ya floraidi, madini yaliyo kwenye maji: nimekulia eneo la Maji ya Chai, Arusha, ambako maji yana floraidi nyingi, na iliingia kwenye enameli, tabaka gumu la nje la jino, meno yakiwa bado ndani ya fizi. Dawa ya mswaki, hata ya bei mbaya, haiyafikii. Alikwangua kidogo tabaka la juu kwa asidi, kisha akanipa jeli ya kung'arisha meno, kabamaidi peroksaidi asilimia 10, ya kulala nayo. Peroksaidi hupenya na kuvunja rangi. Kahawia imefifia sana, mabaka meupe yamebaki. Ila maji ya baridi, mama yangu, ganzi yake!