Ushauri: RPG (gemu za hadithi ndefu ambazo wahusika wako wanakua nguvu) za zamani za Kijapani bado zinachezeka leo? Nataka kuanza na binti yangu

MwanaNgamiani:

Wakuu, habari za jioni.

Mwaka 2003 nikiwa darasa la sita Tanga, mtaani kwetu palikuwa na kibanda cha gemu chenye televisheni mbili. Wenzangu wote walikuwa wa mpira na ngumi. Mimi nilikuta diski tatu za Final Fantasy VII zimefungwa pamoja kwa mpira, hakuna anayezigusa kwa sababu waliiita "gemu ya kusoma". Nikawa nalipia nusu saa nusu saa. Kibanda hakikuwa na memori kadi ya kuhifadhi ulipofika, kwa hiyo kila jioni nilianza upya pale treni inapoingia stesheni ya Midgar, jiji ambalo gemu inaanzia. Siku moja tu ya Idi nilikaa tangu asubuhi hadi magharibi, nikatoka nje ya lile jiji, ramani ya dunia ikafunguka na muziki ukabadilika. Pesa ikaishia hapo. Kilichofuata sijakiona hadi leo.

Sasa nina miaka 34 na binti wa miaka 11 anayependa hadithi kuliko kitu chochote. Nina mashine ya gemu, PS4, niliyoinunua kwa mtu na simu ya Android ya kawaida. Nataka tucheze pamoja, jioni moja moja. Hofu yangu ni mbili. Kwanza, nisije nikawa napenda utoto wangu tu, gemu zenyewe zimeshachakaa. Pili, maneno ni mengi na yote Kiingereza, na binti yuko darasa la tano.

Mlizozicheza miaka ya karibuni, niambieni ukweli. Tuanze na ipi?

Fundi Redio:

Mkuu, nimezirudia nyingi miaka hii mitatu, kwa hiyo nakujibu kwa nilichokiona.

Hadithi hazijachakaa. Muziki ndiyo kabisa. Kilichochakaa ni namna baadhi yake zinavyokula muda wako. Chukua Dragon Quest ya kwanza, ya 1986, ambayo karibu RPG zote za Japani zimepita kwenye njia yake. Toleo lile la awali, ukitaka kushuka ngazi unafungua menyu unachagua amri ya ngazi. Ukitaka mlango, menyu tena. Uko peke yako, adui anakuja mmoja mmoja, na ili uvuke daraja linalofuata lazima uzunguke palepale ukipiga vijidudu saa nzima mpaka leveli, yaani daraja la nguvu zako, ipande. Naiheshimu sana, lakini simpi mtoto wa leo.

Sasa ruka miaka tisa tu. Chrono Trigger ya 1995 wameitengeneza Hironobu Sakaguchi wa Final Fantasy na Yuji Horii wa Dragon Quest, michoro ya wahusika ni ya Akira Toriyama, na muziki mwingi ni wa Yasunori Mitsuda aliyekuwa kijana mdogo wakati ule. Maadui wengi unawaona kabla hujawafikia, na vita vinapiganwa palepale uliposimama, skrini haibadiliki. Wenzako wawili wanaweza kuunganisha mbinu zao zikawa shambulio moja. Unasafiri toka zama za mijusi wakubwa hadi mwaka 2300, na unachokifanya zama moja unakikuta zama nyingine. Ukikazana unaimaliza kwa saa 20 hivi. Ipo kwenye simu, unainunua mara moja, na inajisevu yenyewe. Kwa hali yako ningeanzia hapo.

Na jambo la macho: gemu za pikseli za 1993 hadi 1996 zinapendeza kuliko zile za 3D za mwanzo. Final Fantasy VII ina mandhari zilizochorwa vizuri mno, lakini watu wake wanapotembea ni matofali yenye mikono. Binti atakuuliza. Jiandae.

Mkaka wa Nyali:

Fundi umesema vyema, ila mwenye uzi ana deni lake na Midgar. Ndugu, wewe binafsi cheza VII, binti aanze na nyingine.

Angalizo moja kubwa. Usidanganyike na ile Remake ya 2020 ukadhani ndiyo hiyohiyo iliyopambwa. Ni nzuri, nimeimaliza mara mbili, lakini inaishia mnapotoka Midgar. Yaani inakupa kwa makumi ya saa sehemu ileile uliyoirudia pale kibandani! Sehemu ya pili, Rebirth ya 2024, haikutoka kwa PS4. Wewe nunua ile ya 1997, ipo PS4. Ukibonyeza kijiti cha kushoto kasi inakuwa mara tatu, na kuna namna ya kuzima vita vya ghafla njiani. Hiyo ya kuzima itumie kwa adabu. Wasipopigana watu wako hawakui, na bosi, yule adui mkubwa, atakusubiri mlangoni.

Yule dada anayeuza maua, toleo la Kiingereza la 1997 lilimwita Aeris, matoleo yaliyofuata yakaandika Aerith. Ni yuleyule. Zaidi ya hapo simsemi.

Mama Nasra:

Nafundisha Kiingereza sekondari, Unguja. Naomba nijibu hilo la lugha kwa sababu nimeliona kwa wanangu wawili.

Kaka, wingi wa maneno usikutishe. Gemu hizi za zamani wahusika hawana sauti. Mtu akizungumza, kisanduku cha maandishi kinakaa palepale mpaka ubonyeze. Mtoto anasoma kwa mwendo wake, anauliza neno, unamwambia, mnaendelea. Gemu mpya nyingi wahusika wanaongea haraka na maandishi chini yanapita. Kwa msomaji wa lugha ya pili, ya 1995 inafaa kuliko ya 2020, na hili sijaona likisemwa na wanaozipima gemu hizi kule kwao, maana wao Kiingereza ni cha nyumbani.

Penye shida ni kwenye vita. Chrono Trigger na Final Fantasy za miaka hiyo zina mita ya muda inayojaa huku adui naye akijiandaa. Mtoto akiwa bado anasoma jina la dawa, ameshapigwa. Ingieni kwenye mipangilio kabla ya vita vya kwanza, chagueni "Wait". Mkifungua orodha ya mbinu au ya vitu, muda unasimama. Wangu wa pili aliiacha gemu siku ya kwanza akilia, nilipobadilisha hiyo akarudi.

Someni kwa sauti, mgawane wahusika. Mwanangu wa kwanza alikuwa akimsomea chura (ndiyo, kuna chura mwenye upanga) kwa sauti nzito.

Halafu VII si ya miaka 11. Kuna mtaa wa starehe mle ndani wenye mambo ya wakubwa, na damu ipo. Icheze watoto wakilala.

Chui wa Bukoba:

Nawapinga kidogo. Mnavyoongelea kupanda leveli ni kama kosa la watengenezaji. Kwangu mimi ule mzunguko wa jioni, vita vidogo, redio ikiwa chini, ni sehemu ya raha. Unapomshinda bosi aliyekutesa jana unajua umempataje. Ukibonyeza kasi mara tatu na kuzima vita, unachobaki nacho ni kijitabu chenye picha. Nawaomba wanaoanza wajaribu walau saa tano za mwanzo bila vitufe hivyo.

Pendekezo langu ni Suikoden II, ya 1998. Marafiki wawili wa utotoni, vita vinawaweka pande mbili. Unakusanya watu 108, hesabu iliyotoka kwenye riwaya ya kale ya Kichina, na kila unayempata anahamia kwenye ngome yako: mpishi, fundi chuma, muuza duka. Ngome iliyokuwa gofu inakuwa mji. Watu sita wanapigana kwa wakati mmoja na vita vinakwisha upesi. Aliyeibuni, Yoshitaka Murayama, alifariki mwanzoni mwa 2024, na mwaka uliofuata, mwezi Machi, ya kwanza na ya pili zikatoka upya katika kifurushi kimoja, PS4 ipo. Kiingereza cha toleo la zamani kilikuwa kibovu hasa, kwa hiyo chukua hili.

Cheza ya kwanza kabla ya pili. Ni fupi, na ukihamisha faili lako kuna watu utakaokutana nao tena.

Fundi Redio:

Chui, nakubali kuhusu ushindi. Ila wewe huna mtoto anayelala saa tatu.

Naongeza Final Fantasy VI ya 1994 kwa mkuu, baada ya Chrono Trigger. Wahusika 14, na hakuna unayeweza kumwita mkuu wa wote. Kuna onyesho la opera ambapo Celes, aliyekuwa jenerali, anapanda jukwaani, na wewe ndiye unayetakiwa uwe umekariri mistari. Kwa PS4 ipo tangu 2023, unasevu popote, hata umeme ukiwa wa mashaka. Msihangaike na namba: Final Fantasy hizi kubwa kila moja ni hadithi ya peke yake. Hii ya VI Wamarekani wenyewe waliuziwa kama III, kwa sababu tatu kati ya zilizoitangulia hazikuwa zimefika kwao.

MwanaNgamiani:

Shukrani sana wakuu, na mwalimu kipekee. Nimenunua Chrono Trigger usiku huu. "Wait" nimeshaweka. VII nitaicheza mwenyewe mwezi ujao, nikipata likizo.

Mama Nasra:

Vizuri kaka. Ombi moja: kwenye yale maonyesho ya sherehe gemu inapoanzia msikimbie. Mwache binti azunguke, afanye atakacho. Usimwelekeze.

MwanaNgamiani:

Wiki ya pili sasa. Mwalimu, nimeelewa kwa nini ulisema vile.

Pale kwenye maonyesho kulikuwa na chakula cha mtu mezani. Binti akala. Paka aliyepotea akamrudishia mwenyewe, akajisifu. Tukasahau yote. Siku ya tatu tumeshikwa, tuko mahakamani, na yule mzee wa chakula analetwa kutoa ushahidi! Baraza la watu saba wakapita mmoja mmoja, huku binti anahesabu kwa vidole. Akasimama kabisa kwenye kochi. "Baba, walikuwa wanatuangalia?"

Tangu hapo hatugusi kitu cha mtu. Tukiingia nyumba yenye sanduku ananizuia mkono, anataka kwanza tusome mwenye nyumba anasema nini. Tunakwenda polepole mno, na jana bando la usiku liliisha nikitafuta maana ya neno moja la mfalme. Ananiuliza kama mahakama itarudi. Msinijibu, nataka tuone wenyewe.