Mdogo wangu anavuta bangi, sasa moyo unamwenda mbio. Naomba ushauri

Habari zenu ndugu. Niko Makorora, Tanga. Mdogo wangu ana miaka 38, bangi anavuta tangu ujana. Juzi usiku, muda mfupi baada ya kuvuta, moyo ulimwenda mbio, kifua kikambana, jasho jembamba likamtoka. Baba yetu alifariki kwa moyo, ndiyo maana silali.

Nimesoma utafiti wa Marekani wa 2001: ndani ya saa moja baada ya kuvuta, hatari ya shambulio la moyo ilipanda karibu mara 5. Nikimwambia, ananijibu ni majani tu. Hospitali hataki, anaogopa akisema ukweli atakamatwa.

Aliyepitia haya, ulimshawishije nduguyo? Kipimo cha umeme wa moyo hapa Tanga kinatosha, au nimpeleke Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete?