Georgia: gavana chama hiki, seneta chama kile?

MwanaKisauni: Jamani jana hapa kijiweni Mwembe Tayari, Mombasa, kahawa imepoa vikombeni kwa ubishi. 2022 Georgia, Marekani, ugavana kachukua Kemp wa Republican, useneta kachukua Warnock wa Democrat. Siku moja, watu wale wale, yawezekanaje?

KahawaTungu: Si siku moja yakhe. Kemp alimmaliza Stacey Abrams Novemba 8, lakini Warnock na Herschel Walker wa Republican hakuna alovuka nusu ya kura ikabidi warudie Desemba 6. Ni kama ile nusu na kura moja yetu Kenya, ila kwetu yamhusu rais tu, seneta wetu akiwa mbele hata kwa kura moja kashapita. Na watu huchagua mtu bana, wengine walimpa Kemp halafu Walker wakamruka.

Abiria wa Feri: Na tume moja ya kuendesha uchaguzi kama IEBC yetu hawana. Kaunti 159, kila moja yaendesha uchaguzi wake, mkubwa wao Katibu wa Jimbo naye huchaguliwa kwa tiketi ya chama. Wakati ule alikuwa Raffensperger, Trump alimpigia simu Januari 2021 ati amtafutie kura 11,780 za kupindua matokeo ya urais ya 2020, na wote wawili ni Republican! Akakataa.

MwanaKisauni: Refa ana jezi?? Hapa tungelala barabarani wallahi. Haya naenda kuwaambia, kuna mtu anidai kahawa na kashata.