Naomba ushauri: vifuko vya Physalis alkekengi vinaota madoa kabla ya kukauka

Wakuu habarini. Nauliza kuhusu lile ua ambalo tunda lake hufungwa ndani ya kifuko chembamba cha rangi ya chungwa, kama taa ya karatasi. Huku Ujerumani linastawi lenyewe. Shina hufa wakati wa baridi, mizizi huchipua tena.

Shida ni kukausha. Nakata mashina umande ukishakauka, vifuko vya juu vikiwa bado vina ukijani, natoa majani yote, nafunga matano matano na kuyaning'iniza kichwa chini kwenye stoo yenye giza na hewa. Bado vile vya chini vinapata madoa meusi. Vya chini ndivyo huiva kwanza, kwa hiyo nahisi mvua za Septemba zinaviwahi. Nikate mapema zaidi, au nichume kimoja kimoja?

Pia nataka kubakiza mishipa tu, kama wavu, tunda jekundu lionekane ndani. Naloweka kwenye maji mpaka ngozi ilainike, kisha napitisha brashi laini. Nikibadilisha maji kila siku, kuoza kunachelewa. Nikiyaacha, yananuka na mishipa inakuwa ya kahawia. Nyie mnabadilisha baada ya siku ngapi?

Za jamu msiniletee tafadhali. Hii si Physalis peruviana ya kula, na tunda lake bichi lina sumu.

La mwisho: mizizi inatambaa chini kwa chini hadi kwenye mboga. Ndoo iliyokatwa kitako, ikazikwa sentimita 30, itaizuia?