Boksi lao liko ukutani kwangu, nalilipia kila mwezi, halafu nanyimwa mamlaka nalo!

Wakuu, habari. Naandika uzi huu nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Wiki ya sita sasa nagombana na mtoa huduma wangu wa intaneti kwa jambo dogo kabisa: nataka kutumia ruta yangu mwenyewe.

Ruta ninayo. Nimeinunua kwa hela yangu na nimeipanga kwa mkono wangu. Vifaa vya watoto viko kwenye mtandao wao, kompyuta ya kazi kwenye mtandao wake, na kamera nimezitenga peke yake kwa sababu siziamini. Kwa mtoa huduma wa zamani niliichomeka tu, maisha yakaendelea. Nimehamia kwa hawa wa faiba, fundi akaja na boksi lao, yaani ruta yao, akalifunga ukutani, na wakati anaondoka akaniambia, "Mkuu, hii usiiguse." Nikadhani anaongelea waya.

Nikasoma kibandiko chini ya boksi, nikaingia kwenye mipangilio. Wakuu, ninachoruhusiwa kubadili ni jina la waifai na nywila yake. Basi! Sehemu ya DHCP (inayogawa anwani kwa vifaa vya ndani) naiona lakini imewekwa rangi ya kijivu, ukibofya haibonyezeki. DNS (inayotafuta anwani za tovuti) imefichwa. Kufungua poti (mlango wa kupitisha maombi yanayotoka nje) kumefichwa. Modi ya briji, ambayo ingelifanya boksi lao lipitishe mtandao tu na kuiachia ruta yangu kazi yote, haimo kabisa. Kumbe kuna akaunti nyingine ya juu, na nywila yake wanayo wao.

Nikasema sawa, nitachomeka yangu nyuma ya yao. Kebo ikatoka LAN (tundu la ndani) ya boksi lao ikaingia WAN (tundu la nje) ya ruta yangu. Taa zikawaka, intaneti hakuna. Nilikaa sakafuni karibu saa nzima ndipo nikagundua kwamba zote mbili zinatumia anwani ileile, 192.168.1.1, kwa hiyo ruta yangu haijui ipi ni nje na ipi ni ndani. Nikaihamishia yangu 192.168.50.1, mtandao ukaja mara moja. (Anayehangaika na hili usiku huu, anzia hapo.)

Lakini hapo nimeingia kwenye NAT mbili, yaani ruta mbili zinazobadilisha anwani, moja nyuma ya nyingine. Kufungua tovuti na kuangalia video hakuna shida, maana safari inaanzia ndani. Shida ni kinachotoka nje kuja ndani. Nataka kuona kamera nikiwa safarini, nataka VPN (njia ya siri ya mtandaoni) ya kuingia mtandao wa nyumbani. Nafungua poti kwenye ruta yangu, halafu ombi linagonga boksi lao kwanza, na boksi lao halina maelekezo yoyote, linalitupa. Ni mageti mawili, na funguo za geti la nje wanazo wao. Na msije mkaniambia ni anwani ya kugawana: nimeangalia, anwani ninayopewa ni ya umma, si zile za kuanzia 100.64 hadi 100.127 wanazorundikiwa wateja wengi pamoja. Kwa hiyo kinachonizuia ni hilo boksi tu.

Huduma kwa wateja nimepiga mara saba. Wa kwanza: zima uwashe. Wa pili: zima uwashe. Wa tatu hakujua briji ni nini. Wa nne, Mungu ambariki, aliielewa shida akaielekeza DMZ ya boksi lao (mpangilio unaotuma maombi yote ya nje kwa kifaa kimoja) kwenye ruta yangu na kuzima waifai yao. Nilipata siku kumi na moja za amani. Siku ya kumi na mbili naamka, kamera hazionekani, DMZ imefutika, na waifai yao imejiwasha tena kwenye chaneli 6, chaneli ileile ya kwangu. Kwenye GHz 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na boksi lao limekuja kukaa juu yangu! Wamesasisha programu kwa mbali usiku, wakafuta kila kitu bila hata ujumbe mfupi wa taarifa.

Nilipolalamika nikajibiwa, "Mteja wetu, tumefunga kwa usalama wako." Hapo ndipo nilipochemka. Usalama gani? Novemba 2016 huko Ujerumani, wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom walikosa huduma baada ya washambuliaji kuzipiga ruta zao kupitia poti 7547, poti inayotumika kusimamia ruta kwa mbali. Mlango wanaoutumia wao kuingia kwangu unaweza kutumiwa na mwingine, na mimi sina hata kitufe cha kuufunga. Na nchi hiyohiyo, tangu tarehe 1 Agosti 2016, sheria inampa mteja haki ya kuchagua ruta yake, na mtoa huduma analazimika kumpa taarifa za kuunganishia. Kwa hiyo wasiniambie haiwezekani kiufundi.

Sigombei kifaa cha kugeuza mwanga wa faiba, hicho wabaki nacho. Nataka kimojawapo: waniwekee briji na isifutike wakisasisha, au wanipe jina na nywila ya PPPoE (ya kuiingiza ruta yangu kwenye mtandao wao) pamoja na namba ya VLAN (ya njia wanayopitishia intaneti) nimalizane nao. Na wateja wapya waambiwe kabla ya kusaini kwamba boksi limefungwa. Mimi sikuambiwa, na mkataba wenyewe haulitaji hata kwa mstari mmoja.

Kuna aliyefanikiwa kupewa briji na mtoa huduma mwenye boksi la kufungwa namna hii? Uliomba kwa simu au kwa barua, na uliongea na kitengo gani? Kesho asubuhi naandika barua rasmi, nataka niende nikiwa na maneno sahihi.