Tupeane uzoefu: ulibadilisha prosesa, ukaona tofauti gani kwenye gemu na kwenye kazi?

Wakuu, habari za wikendi. Nina prosesa ya AMD, Ryzen 5 2600, kwenye mazabodi ya B450, RAM GB 16, kadi ya grafiki RTX 3060. Mchana nahariri video za harusi na send-off, usiku ni gemu. Nimebaki njia panda kati ya Ryzen 5700X na 5800X3D, na kuna jamaa wanashikilia niuze vyote nihamie Intel. Porojo za YouTube nimeshiba. Aliyetoa pesa yake mfukoni aseme: ulitoka wapi, ukaenda wapi?

Mzee wa Kurenda
Nilitoka hiyohiyo 2600 nikaenda 5900X, viini 12 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja). Natengeneza picha za nyumba kwenye Blender, programu ya 3D, na kwa kuwa mandhari zangu hazienei kwenye kumbukumbu ya kadi, narenda, yaani nageuza mchoro kuwa picha kamili, kwa prosesa. Aisee, raha! Ila gemu kwenye skrini ya 1440p hazikubadilika sana, maana huko kadi ndiyo inayohema. Na weka bajeti ya feni: 5900X, 5700X na 5800X3D zote zinauzwa bila feni.

Kichwa Ngumu
Mimi ni gemu tu, 5800X3D. Ina MB 96 za kashe ya L3, kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa; 5700X ina 32. Counter-Strike 2 kwenye 1080p imetulia, ile mikwamo ya ghafla kwenye moshi na mabomu imepungua mno. Kwenye kutoa video, usitegemee maajabu. Zote mbili zina viini 8.

Fundi wa Mtaa
Mkuu, kabla ya yote tazama bodi. Mteja aliniletea i7-8700 nimwekee kwenye bodi ya Z270. Soketi zote mbili zinaitwa LGA1151, prosesa inakaa vizuri kabisa, lakini mashine haiwaki. Kizazi cha 8 kinataka bodi za mfululizo wa 300. Aliiuza. Wewe una bahati, AM4, soketi ya bodi yako, imebeba kuanzia Ryzen za 2017 hadi hizo unazozitaka.

Mama Timeline
Nisikilize, mdogo wangu, mimi pia ni wa harusi. Kamera yako inarekodi nini? Yangu inatoa video za H.265 ya biti 10, 4:2:2 (zenye taarifa nyingi za rangi), ambazo RTX 3060 haiwezi kuzifungua kwa maunzi yake. Nilihamia Intel i5-12400, si 12400F, kwa sababu F haina grafiki za ndani na Quick Sync, maunzi ya Intel ya kufungua video, inakaa humo. Sasa Premiere Pro, programu ya kuhariri, inateleza bila kutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za video. Hapo viini vingi visingenisaidia.

Mwenye uzi
Shikamoo dada. Yangu ni biti 8, 4:2:0.

Mama Timeline
Marahaba. Basi kadi yako inaimudu hiyo, achana na Intel. Chukua 5700X, chenji iongeze RAM ifike 32.

Kichwa Ngumu
Dada unamnyima gemu!

Fundi wa Mtaa
Yoyote utakayochukua, sasisha BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine) kwanza, 2600 ikiwa bado ndani. Ukiweka mpya kwenye BIOS ya zamani hutaona picha. Na chomeka kwenye UPS, umeme usije ukakatika katikati.