Maore: ibaki kwa Mfaransa, irudi Komoro, au isimame peke yake?

Mjukuu wa Ngazija
Wakuu, salaam. Marehemu bibi yangu alikuwa Mngazija, na nyumbani kwetu Unguja habari ya Maore, kisiwa ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, haiishi. Wajomba wakikaa kunywa kahawa na mmoja akakitaja kile kisiwa, hakuna atakayemaliza kikombe. Wapo wanaosema Maore ni ya Komoro na Mfaransa ameikalia kwa mabavu. Wapo wanaosema wenyewe wameulizwa mara kadhaa, zikiwemo 1974, 1976 na 2009, na mara zote hizo wamejibu Ufaransa, sasa nani kawashika mkono? Tangu tarehe 31 Machi 2011 ni mkoa wa 101 wa Ufaransa.

Naomba kueleweshwa. Walikuwa na haki ya kujitoa kwa wenzao? Na leo, baada ya kipigo cha kimbunga Chido cha Desemba 2024, njia ipi ina maana kwao? Wabaki, warudi, au wawe dola yao ndogo kama Shelisheli? Ningependa zaidi kumsikia aliyefika huko.

Sheha Mstaafu
Mjukuu, kisheria jambo hili lilishaisha. Koloni likipata uhuru linatoka na mipaka lililokuwa nayo. Komoro ilitawaliwa kama kitu kimoja, na kura ya tarehe 22 Desemba 1974 ilikuwa ya wote: karibu asilimia 95 walitaka uhuru. Matokeo yalipotoka ndipo Paris ikaanza hesabu ya kisiwa kimoja kimoja. Juni 1975 bunge la Ufaransa likataka katiba mpya ipitishwe kisiwa kwa kisiwa. Ahmed Abdallah, kiongozi wa Komoro, akauona mtego, akatangaza uhuru tarehe 6 Julai. Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kwa visiwa vyake vinne. Februari 1976 suala likafika Baraza la Usalama, Ufaransa ikapiga veto. Mwenye haki anahitaji veto ya nini? Ukikubali kila kipande cha nchi kichomoe kura zake, hutabaki na nchi hata moja Afrika.

Bi Tumu, Mamoudzou
Sheha, shikamoo. Sheria umeisema sawasawa, sina la kukupinga hapo. Ila umeielezea Maore kama kiwanja kisicho na wenyewe. Mimi mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa huku. Mama mkwe wangu alikuwa msichana siku zile, na ukimtajia Moroni, makao makuu ya Komoro kule Ngazija, mpaka leo anafyonya.

Kwao hii hadithi haianzi 1974. Inaanza 1958, ulipopita uamuzi wa kuhamisha makao makuu kutoka Dzaoudzi, hapa Maore, kwenda Moroni. Makarani wakahama, mishahara ikahama nao, waume wakafuata kazi, na wanawake wakabaki na watoto na maduka yasiyo na bidhaa. Hao wanawake ndio waliosimama. Akina Zéna M'Déré walikuwa wakisikia mkubwa anakuja kutoka Moroni, wanamsubiri, wanamzunguka, kisha wanamtekenya. Ndiyo, kumtekenya: mbavuni, makwapani, mpaka mheshimiwa heshima yote imemtoka na anatafuta chombo cha kumrudisha kwao. Ukimpiga waziri unafungwa. Ukimtekenya, askari ataandika kosa gani? Mama mkwe akisimulia anacheka hadi kushika tumbo. Lakini haikuwa mchezo mtupu, maana Zakia Madi alipoteza maisha 1969 katika vurugu za hapa hapa Mamoudzou, na jina lake halitajwi bila ya kuombewa.

Kwa hiyo 1974 walipoambiwa wachague, walichokuwa wanakipima ni nani wa kuogopwa zaidi, jirani au mkoloni. Karibu asilimia 64 wakamwogopa jirani. Na Moroni nayo haikuwachelewesha kuona walikuwa sahihi: uhuru tarehe 6 Julai 1975, mapinduzi tarehe 3 Agosti. Haujatimia hata mwezi! Kisha miaka na miaka ya Bob Denard na mamluki wake kuingia na kutoka serikalini. Wamaore walikuwa wakisikiliza haya redioni, wanatazamana.

Sasa usidhani kuwa mkoa ni pepo. Shule zipo, barabara ipo, hospitali ipo na yuro ipo, hilo silifichi. Lakini takwimu za Wafaransa wenyewe zinasema karibu watu wanane katika kumi hapa wako chini ya kiwango chao cha umaskini. Posho ya wasio na kipato ni karibu nusu ya ile ya Ufaransa bara. Makadhi waliokuwa wakiamua ndoa na mirathi walipokonywa kazi hiyo 2010, wamebaki kusuluhisha majirani. Mwishoni mwa 2023 maji yalikuwa yakitoka siku moja katika tatu. Ndoo, madumu, sufuria, hata beseni la mtoto, kila chombo cha nyumba kinajazwa, na ukilala usiku wa zamu umekwisha. Chido kilipokuja, mabanda ya mabati ya mtaa wa Kawéni yalifagiliwa mlima mzima, na baada ya siku chache watu walikuwa wanayanyoosha mabati yale yale kwa mawe na kuyapigilia tena.

Tena kuna jambo la kadi ya ukaazi. Jirani yangu ni mtu wa Nzwani (Anjouan), kisiwa cha Komoro kilicho jirani nasi, ana kadi halali ya Jamhuri ya Ufaransa, rangi na mihuri yote kamili. Kadi hiyo inaishia uwanja wa ndege wa Pamandzi. Akitaka kwenda Réunion, mkoa wa nchi hiyo hiyo, anatakiwa aombe viza. Huo ndio mkoa wa 101.

Mchukuzi
Mbona mnaisahau Nzwani? 1997 Wanzwani walijitenga na Moroni, wakapandisha bendera ya Ufaransa na kuomba warudishwe. Paris ikakataa! Machi 2008 wakashuka askari wa Umoja wa Afrika, Watanzania wakiwemo, kumng'oa Kanali Mohamed Bacar aliyekuwa akiitawala Nzwani. Na Bacar alikimbilia wapi? Maore. Basi msitudanganye na hoja ya "wenyewe wametaka". Mfaransa anaisikia kwa sikio moja, tena la kisiwa kimoja.

Mjukuu wa Ngazija
Hiyo ya Nzwani wajomba hawajawahi kunihadithia, ahsante kaka. Bi Tumu, nikurudie wewe. Kama Moroni inaogopwa na Paris inawapa nusu posho, mbona hakuna anayesema wajitegemee? Na ukipewa karatasi leo, wewe mwenyewe unatia alama wapi?

Bi Tumu, Mamoudzou
Mwanangu, Shelisheli hana jirani anayemdai. Maore ikijitangazia uhuru, kesho yake Moroni inagonga mlango na lile azimio la Umoja wa Mataifa mkononi. Kilomita za mraba 374, chakula kinakuja kwa meli, na mshahara wa mwalimu na wa muuguzi unatoka Paris. Huku hata wehu hawausemi uhuru. Wanasiasa wanashindana nani Mfaransa kuliko mwenzake. Duru ya pili ya urais ya 2022 Marine Le Pen, mpinga wahamiaji wa mrengo mkali wa kulia, alipata karibu asilimia 59 hapa, kisiwa cha Waislamu kinachoamshwa kwa adhana. Wanaompigia wana shangazi Nzwani, na wanataka shangazi huyo arudishwe.

Mimi sina kura, si raia. Ila ningekuwa nayo ningesema: mkoa ubaki kwa sasa, kwa sababu haki ya Moroni juu ya kisiwa haijawahi kufuatana na neno lolote kwa watu wake. Hiyo bendera waachiwe mabalozi. Kura yangu ningeiweka kwenye kuiondoa viza, ile wanayodaiwa Wakomoro kuja Maore, iliyoletwa 1995, zama za waziri mkuu Balladur. Kutoka Nzwani mpaka hapa ni kama kilomita 70. Kabla ya viza watu walikuwa wanakuja na mbuzi, na ndizi, na mama mjamzito, wanakaa arusi, wanarudi kwao. Baada ya viza ni kwasa-kwasa, boti ya mashine iliyojazwa mpaka maji yanagusa ukingo, usiku, bila taa. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya 2012 ilikadiria waliokufa kwenye mkondo huo tangu 1995 ni kati ya 7,000 na 10,000. Wengine ni ndugu wa watu ninaosalimiana nao sokoni.

Moroni inasema viza ni batili kwa kuwa kisiwa ni chake, ikishasema hivyo imemaliza kazi. Paris inasema viza ni ulinzi. Hakuna kati yao anayepanda hiyo boti.

Sheha Mstaafu
Marahaba binti, na ahsante kwa maelezo. Lakini niambie: viza ikiondoka, Nzwani nzima si itahamia huko? Hao wenyeji unaowatetea watakubali?

Bi Tumu, Mamoudzou
Hawatakubali, na watanifukuza mimi kwanza. Ila sensa ya 2017 ilikuta watu 256,518 hapa, na karibu nusu yao ni wageni. Hiyo ni baada ya miaka 22 ya viza, doria, rada na ndege za kuwarudisha. Mtu aliyelipa boti na akanusurika harudi kwao kwa arusi, maana anajua kuja tena ni roho mkononi. Anabaki, analeta na wanawe. Mwenye kuitetea viza aniambie imemzuia nani.